Mwayo wa Fundi

Wagonjwa wa chumba cha kusafisha damu walimbandika jina la Sista Presha, naye hakulikataa. Kila nusu saa mashine hubana mkanda kwenye mkono usio na sindano na kutoa namba, lakini Sista hakuwahi kuridhika na namba peke yake. Alisimama mbele yako, akakukazia macho, akauliza, "Unajisikiaje?" Ukimjibu kwa mkato alikuchokonoa: umekula nini, mjukuu ameota meno, timu yako imefungwa ngapi safari hii. Wageni walimwona mdaku. Wenyeji walijua kwamba mashine ikivuta maji mwilini kwa kasi, presha huporomoka, na anayeporomoka huishiwa maneno kwanza. Hupiga miayo, hutoka jasho la baridi, kisha hunyamaza.

Msidhani aliyauliza hayo kwa sababu moyo wake ulifurika huruma. Moyo wake ulishakufa ganzi. Mumewe, fundi cherehani, figo zilimgomea, na siku daktari alipowaambia haziamki tena, Sista alilia jioni nzima, akaosha vyombo, akalala. Tangu hapo hajalia. Nyumbani alipika chakula kisicho na chumvi, akampimia mumewe maji ya kunywa kwa kikombe, wakala huku wakitazama taarifa ya habari. Hawakugombana. Kugombana nako kunataka nguvu.

Kazini kulikuwa na sheria kwamba muuguzi hamhudumii mtu wake. Kwa hiyo kiti alichosafishiwa damu Fundi, kile cha dirishani, kilikuwa mikononi mwa muuguzi mwenzake, mwanamume mrefu waliyemwita Ngazi. Kwa Ngazi, Fundi alikuwa msemaji hasa. Alikosoa pindo za mashuka, na akamwambia waziwazi mgonjwa wa kiti cha jirani kwamba suruali yake alishonewa na adui.

Asubuhi hiyo Ngazi aliitwa wodini.

"Dada, niangalizie shemeji. Sichelewi."

Sista akaitikia kwa kichwa, akaendelea na mzunguko wake. Alianza kwa mama muuza mboga.

"Unajisikiaje?"

"Mguu unataka kukaza, sista."

Akapunguza kasi ya kuvuta maji, akamsugua mguu, akamuuliza bei ya nyanya. Kiti cha pili, akauliza. Cha tatu, akauliza. Alipofika dirishani alisoma namba ya mumewe, akaiandika, akapita. Mtu umeamka naye, umemkorogea chai, umemfunga vifungo vya shati, utamuuliza nini tena?

Mzunguko uliofuata namba ya Fundi ilikuwa mia na nne. Kwa mwingine hiyo ni presha nzuri. Fundi huanza na mia na hamsini na ushee, na hakuna aliyelijua hilo kuliko mkewe. Ingekuwa kiti kingine angerudia kupima palepale. Fundi akapiga mwayo. Hakulala vizuri, Sista akawaza, alikuwa akijigeuzageuza usiku kucha. Akapiga mwingine, mrefu. Kwa mgonjwa yeyote yule mwayo wa namna hiyo ungemtoa Sista mbio. Kwa mumewe, mwayo ulikuwa mwayo tu. Akaenda kabatini kuchukua pamba.

Aliyepiga kelele ni muuza mboga. "Sista! Mumeo huyo!"

Kichwa cha Fundi kilikuwa kimelalia bega, jasho linamtiririka, midomo imepauka. Mikono ya Sista haikungoja kuambiwa. Ilisimamisha uvutaji wa maji, ikalaza kiti, ikainua miguu, ikafungulia maji ya chumvi yaingie kwenye damu. Akabonyeza mkanda upime. Sitini na nane. Akabonyeza tena. Sabini na tisa. Ngazi akaingia mbio, daktari nyuma yake. Tisini. Mia kasoro mbili. Fundi akafumbua macho na kuitazama dari kama anayetafuta mshono uliokosewa.

Sista alingoja hofu imjie, haikuja. Ilikuja aibu, tena kidogo, na hiyo kidogo ilimtosha. Akainama.

"Baba watoto, kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza." Hakuwa analalamika. Sauti yenyewe haikuwa na nguvu ya kulalamika. "Wote umewauliza. Nilikuwa nakusikia."

Sista akanyooka, akamgeukia mwenzake.

"Mchukue huyu, Ngazi. Mimi simwoni."

Ngazi hakubisha. Daktari alipomaliza kumpima na kuagiza maji yasivutwe tena siku hiyo, Ngazi alivuta kistuli, akakaa, magoti ya miguu yake mirefu yakagusa kiti.

"Haya shemeji, nieleze. Ukitoka hapa, nyumbani unakuwaje?"

"Nyumbani? Kuta zinazunguka. Nakaa sakafuni bafuni mpaka zitulie. Mara mbili nimeanguka. Nikamwambia nimeteleza kwenye sabuni."

"Mbona mimi hukuniambia?"

"Ungemwambia yeye. Na yeye amechoka, si unamwona?"

"Na kazi?"

"Kazi gani, shemeji? Mkasi siushiki tena, macho yanaona vitambaa viwili. Wateja nimewarudishia nguo zao. Ila ikikaribia saa ya yeye kurudi, nakaa kwenye cherehani nakanyaga hivyo hivyo, bila kitambaa. Akiwa mlangoni aisikie inalia, ajue niko mzima, aingie zake akapumzike."

Sista alikuwa amesimama nyuma ya kiti, pamba mkononi, akiyasikia yote; na kila jioni, akivua viatu mlangoni, alikuwa akiisikia cherehani hiyo na kupita moja kwa moja jikoni.