Mama Madoa na Nyota za Mumewe

Mpiga picha wa mtaa wa juu, ule unaoegemea mlima, watu walimwita Usicheke, maana ndilo neno alilomwambia kila aliyekalia stuli yake kupigwa picha ya kitambulisho. Mkewe wakamwita Mama Madoa. Kazi yake ilikuwa kukaa dirishani na brashi nyembamba kama kope, akichovya wino na kufuta yale madoa meupe ambayo vumbi huyaacha kwenye picha. Mwenyewe alikuwa na usemi wake: mume wangu anawapiga, mimi nawaosha uso.

Miaka thelathini na minne waliishi hivyo. Chumba cha mbele pazia la buluu, cha nyuma, cha kusafishia picha, taa nyekundu, kamba na vibanio, na katikati kitambaa cheusi ambacho ukikiinua bila hodi umeharibu kazi ya siku nzima.

Nyuso za watu zilimlisha Usicheke, lakini kiu yake ilikuwa nyingine. Alitaka picha ya anga la usiku juu ya ule mlima, moja tu, aitundike dukani kwake. Alipanda mara tatu. Mara ya kwanza wingu lilimkuta juu. Ya pili upepo ukaitikisa stendi ya kamera, kila nyota ikatoka na mkia. Ya tatu umande ukaziba lenzi, akateremka na picha nyeusi kama sufuria la kuni. Wateja walimtania kwamba labda nyota nazo hazipendi kuambiwa zisicheke. Yeye alijibu kwamba mvumilivu hula mbivu, kisha akarudi kwenye kazi.

Ndipo kifua kikamwanza. Daktari alimkataza kupanda hata ngazi, na binti yao, muuguzi, akaja kuyarudia maneno yale yale kwa ukali zaidi. Usicheke aliitikia kila kitu, kama mtoto anayeahidi kutochezea maji. Wiki iliyofuata mwezi ulikuwa haupo na mbingu ilikuwa safi. Akabeba mfuko wake.

Mama Madoa angeweza kumshika shati. Hakumshika. Naye alikuwa na lake moyoni. Tangu utotoni hakuona vizuri gizani, na kwa miaka miwili macho yake yalikuwa yamekufa usiku. Jua likizama alitembea kwa kupapasa ukuta, akihesabu hatua za kufika jikoni. Mchana, kwa msaada wa kioo cha kukuzia, mkono wake bado uliijua kazi, basi akanyamaza. Aliogopa kuambiwa aiweke brashi chini, kwa sababu bila brashi hakujua angekuwa nani ndani ya nyumba ile. Na mwenye siri yake hana kinywa cha kumkataza mwenzake.

Mumewe alirudi asubuhi, midomo ya kijivu, macho ya bwana harusi. Akapitiliza hadi chumba cha nyuma. Kwenye boksi palibaki karatasi moja kubwa ya picha, ya mwisho, kwani duka lililoziuza siku hizi linauza simu. Mchana akatoka, akasema, "Nimezipata," akaanguka kitandani na viatu vyake.

Mkewe alimvua viatu, akamfunika. Picha ilipokauka akaipeleka dirishani. Mlima ulikuwa umetoka vizuri, mabega na yote. Lakini juu yake, lo, madoa! Meupe, maelfu, kama mtu aliyechekecha unga. Akaifikiria ile karatasi, miaka iliyokaa boksini hadi ikaharibika, na moyo ukamuuma kwa ajili ya mgonjwa wake. Nyota alizozijua ni zile ambazo macho yake bado yalikirimiwa jioni, tatu, kubwa. Akazitafuta, akaziacha. Nyingine zote akazifuta, moja moja, siku mbili nzima, shingo imekakamaa, akichanganya wino mpaka ukalingana na usiku. Maishani hakuwahi kufanya kazi nadhifu kama ile.

Siku ya tatu homa ilipungua, mumewe akaja akishika ukuta. Mama Madoa alisimama pembeni kama mwanafunzi anayesubiri maksi. Mzee aliitazama picha muda mrefu.

"Mama watoto," alisema mwishowe, "usiku ukitoka nje, unaona nyota ngapi?"

"Tatu. Siku njema, nne. Kwani wewe unaona ngapi?"

Alimwekea mkono begani. Kikohozi kilimshika, kikamwachia.

"Hizo hizo," alisema. "Imetoka vizuri. Itundike."

Tangu siku ile, jua likizama, alimwomba mkewe mkono, akidai ni yeye mgonjwa anayehitaji kuegemea. Wateja walipouliza nyota ziko wapi, aliwaambia usiku ule palikuwa na wingu. Wakasema Usicheke kapanda mlima kupiga picha masizi, naye akacheka pamoja nao. Mama Madoa ndiye aliyekasirika. Kwani tatu ni chache?

Usicheke hakuvuka miezi ya baridi. Alizikwa siku ya manyunyu, na waombolezaji walipotawanyika, binti alibaki kupanga vitu vya baba yake, akimsomea mama kila karatasi aliyoikuta. Kwenye mfuko wa ndani wa koti palikuwa na bahasha yenye kipande cha filamu. Akasoma kilichoandikwa juu yake, na alipokuja kuyaelewa maneno, yalikuwa yameshatoka kinywani.

"Nyota zote zimo humu. Isisafishwe mama yenu akiwa hai."

Binti akaanza kusema kwamba baba siku zile alikuwa na homa, hakujua anachoandika. Mama yake akainua mkono, anyamaze.

"Kumbe zilikuwa nyota," alisema.

Aliomba apelekwe ilipo picha, akaupapasa ule weusi kwa vidole vyote.

"Wamemcheka miezi mitano. Nami nimekaa hapa hapa."

Binti alisema kwa sauti ndogo kwamba wasia ni wasia, atairudisha bahasha mahali pake.

"Miaka thelathini na minne sikumkatalia neno," mama alisema. "Hili namkatalia. Kesho ipeleke mjini wakaisafishe." Kisha, mkono wake ukiwa bado juu ya mlima, akaongeza, "Na waambie wasifute doa hata moja."