Siku Mama Alipopakwa Rangi Shavuni

Rangi ya kupaka watoto usoni ina harufu yake. Ni harufu ya krayoni iliyoachwa juani, na ndani yake kuna mafuta ya kujipaka. Juzi hapa Bomet, kwenye sherehe ya shule ya binti yangu, ilinifikia kabla sijamwona mwenyewe. Alinijia mbio, uso mweupe pe, masharubu ya paka huku na huku. Mimi baba mzima, mwenye kitambi cha heshima, nikaruka nyuma na kujimwagia chai kwenye suruali. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Acha acheke. Hakuwa nami mwaka ule Amerika.

Nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa mwalimu wa bayolojia, akapata nafasi ya kusomea shahada ya pili katika chuo kimoja cha huko, mji mdogo wenye baridi ya kuuma masikio. Alienda nami kwa sababu mimi ndiye kitinda mimba na nililia kwa sauti kuliko ndugu zangu wote. Baba alibaki na ng'ombe na shamba la chai. Tulifika mwezi wa nane. Mwezi wa kumi, majani ya miti yakiwa yamegeuka mekundu utadhani inaumwa, Mama akaniambia kuna sikukuu chuoni, siku ya kurudi nyumbani.

"Nani anarudi?" nikauliza.

"Wale waliosoma hapa zamani. Wanarudi wote. Kutakuwa na ngoma, nyimbo, na moto mkubwa. Halafu kijana mmoja na msichana mmoja watavikwa taji."

Mama hakujua ameniambia nini.

Ninyi wa kwetu pengine mmeshaanza kucheka, lakini wengine wacha niwaeleze. Kwetu Wakipsigis, shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili, vijana wanaotahiriwa hukaa menjo, kibanda kilichofichwa mbali na watu. Hao tunawaita tarusiek. Wanapakwa udongo mweupe usoni, na wakipita wakiimba, wanawake na watoto hawafai kuwaona. Ya ndani siyasemi, msinitafutie maneno na wazee. Wakishamaliza, wanarudi nyumbani kwa nyimbo, na watu wanavaa sinendet kichwani, ule mmea wetu wa baraka. Sasa niambieni, mtoto wa miaka minane angeelewa nini?

Kogo, nyanya yangu aliyemzaa Mama, alikuwa amenifunza mapema: ukisikia sauti zao huko kwenye chai, chuchumaa, funika kichwa, usiangalie. Yaliyobaki nilifunzwa na binamu yangu Weldon. Alisema mvulana akiwaona harudi tena kwao, anashikwa papo hapo, anapakwa, anakatwa pamoja nao. Na mwanamke akijichanganya nao, hamalizi mwaka. Weldon alikuwa na miaka kumi, na nilimwamini kuliko mhubiri.

Jumamosi asubuhi Mama alivaa gauni lake la kitenge, akajifunga leso juu yake. Wanafunzi wa kigeni walikuwa wameombwa kutembea kwenye gwaride na bendera za kwao. "Leo Kenya itaonekana," alisema. Nilimwambia sitaki kwenda, na yeye asiende. Akadhani naogopa baridi, akaniongezea soksi.

Aliniacha kando ya barabara na jirani yetu Bi Carol, mama mzee ambaye mkoba wake haukukosa peremende. Tukangoja. Kwanza nikasikia ngoma, mbali, nyuma ya majengo. Zikakaribia mpaka nikazihisi tumboni. Halafu wakatokea kwenye kona, vijana wengi, vifua wazi katika baridi ile, nyuso nusu nyeupe nusu buluu, wanaimba kwa pamoja huku wakirusha ngumi juu. Nyuma yao alikuja mtu mwenye kichwa cha dubu kikubwa kama pipa, anacheza.

Nilifanya nilivyofunzwa. Nikageukia ukuta wa duka, nikachuchumaa, jaketi kichwani. Bi Carol aliinama akaniuliza kama ninaumwa. Nilikuwa nikiomba, kwa Kipsigis, na maombi yenyewe yalikuwa maneno mawili tu: wasinione, wasinione.

Lakini macho hayana pazia. Nikachungulia, na hapo hapo mkono ukanigusa bega. Alikuwa msichana wa chuo, uso mweupe mpaka masikioni, kikopo mkononi. Alitabasamu, akasema maneno ya upole, akanipitishia brashi baridi shavuni. Ndipo nilipoisikia harufu ile. Basi nimeshikwa, nikajua. Watanikata huku, Baba hayuko, Kogo hatajua nilipotelea wapi. Nilitaka kupiga nduru, sauti ikakataa. Nilijikojolea, nasema ukweli.

Nikamtafuta Mama kwa macho. Alikuwa anakuja katikati ya barabara na bendera yetu, kitenge kinapepea, anacheka na wenzake. Na shavuni mwake kulikuwa na rangi nyeupe.

Sauti ikarudi yote kwa pamoja. "Mama! Usiwaangalie! Utakufa!" Nilipita katikati ya miguu ya watu mpaka nikamfikia, nikamshika gauni, nikaendelea kulia utakufa, utakufa.

Mtu mwingine angecheka. Mama alinitazama shavu mara moja tu akaelewa. Bendera alimsukumia Mnepali aliyekuwa kando yake, akatema mate kwenye pembe ya leso, akanipangusa kwa nguvu mpaka ngozi ikawasha, kisha akajipangusa mwenyewe. Akaifungua ile leso, akatufunika vichwa vyote viwili, akanitoa kwa uchochoro nyuma ya maduka. Hatukusimama mpaka nyimbo zikapotea.

"Kibet, umeona nini?"

"Nimeona wale..."

"Hapana. Hujaona kitu. Na mimi sijaona kitu. Umesikia?"

"Kwa hivyo hutakufa?"

"Nife nani akupikie ugali? Twende nyumbani."

Njia nzima hakuitoa ile leso vichwani mwetu. Nikadhani ni baridi.

Mwaka ule wote nilikuwa nikiamka asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, naenda kumwangalia kama anapumua. Alipumua. Akamaliza masomo, tukarudi. Baadaye zamu yangu ya menjo ilifika, na huko nikajua Weldon alikuwa mwongo wa kutupwa. Hofu ya ile siku niliigeuza hadithi ya kuchekesha watu kwenye harusi, na kila mara Mama alikuwa ndiye shujaa, mwanamke msomi asiyeogopa kitu.

Juzi, suruali ikiwa bado na chai, nilipita kwake. Amestaafu siku hizi. Nilimkuta nje anachambua maharagwe. Nikamsimulia mambo ya mjukuu wake na ya paka, nikaongeza, "Si unakumbuka vile ulinifunika?"

Hakucheka. "Nilijifunika na mimi."

Akanieleza bila kuinua macho. Zile ngoma zilimshtua tangu zilipoanza. Alijua vizuri kwamba wale ni wanafunzi tu, wengine alisoma nao darasa moja. Lakini Kogo alimlea vile vile alivyonilea mimi. Msichana alimjia na brashi, akashindwa kukataa mbele ya watu, akatembea barabara nzima akicheka kwa sababu wengine wanacheka, na moyoni anajiuliza amejifanyia nini.

"Kumbe uliogopa," nikasema.

"Sana. Kukushinda."

"Kunishinda aje, Mama? Mimi si nilijikojolea!"

Alitoa kijiwe kwenye maharagwe, akakitupa. "Wewe ulimkimbilia mama yako, Kibet. Wangu alikuwa huku Bomet."