Wimbo Ambao Wapagazi Hawakuuimba

Baba yangu mdogo alitunga muziki wa filamu ya runinga ambayo, nje ya ukoo wetu, sijakutana na mtu aliyeiona. Ilihusu wapagazi waliobeba pembe za ndovu kutoka Tabora kwenda pwani. Ilioneshwa mara moja, umeme ukakatika mtaani kwetu Gongoni kabla haijaisha, na hata mtunzi mwenyewe alisimuliwa tu ilivyoisha.

Mwaka jana prodyuza mmoja wa Dar es Salaam, kijana anayekusanya miziki ya zamani, alipata habari zake, akaomba kaseti ya muziki huo aitoe kama albamu. Alitaka na aya mbili kuhusu wimbo mkuu, aliouita wimbo halisi wa wapagazi. Kazi hiyo nikapewa mimi, kwa kuwa nina digrii na sina ajira. Baba mdogo alikuwa na haraka. Sikio la kulia limeshakufa, la kushoto linafuata, naye alitaka albamu imkute bado anasikia.

"Baba, wapagazi waliuimba kweli wimbo huu?" nilimuuliza, kwa sauti ya juu.

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Na mimi sikuwepo. Andika."

Sikuandika. Ndiyo tabia yangu, na imeshanichosha hata mimi. Nilimbana siku tatu mpaka akasema: aliutoa kijiji cha Puge, kwa kikundi cha wanawake waliokuwa wakilimiana mashamba ya pamba kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Tukaenda Puge. Aliyekuwa akiwaongoza kuimba bado yupo, bibi mwembamba mwenye macho ya utani. Nikampigia wimbo kwenye simu. Alisikiliza mkono shavuni.

"Nani kafa?"

"Hakuna, bibi. Ni wimbo wenu."

"Wetu huu? Tungelima hivi, tungevuna lini?" Akaanza kupiga makofi na kuimba, haraka, kila kofi ni jembe linaloshuka. Alipomaliza alimtazama baba mdogo. "Huyu shemeji kauchosha wimbo wa watu."

Baba mdogo hakusikia, nikamwandikia kwenye daftari. Alisoma, akacheka, kisha akamweleza yule bibi kwamba alipewa picha zisizo na sauti: watu na mizigo, juani, wakitembea. Alizitazama huku akigonga meza kwa penseli, akauvuta wimbo polepole mpaka ukaenda sawa na hatua zao.

"Miguu yao ilikuwa mizito kuliko majembe yenu," alisema.

Basi niliandika hivyo. Maneno na sauti ni vya wanawake wa Puge, uchovu ni wa baba mdogo. Niliona huo ndio utunzi wake, tena si haba.

Prodyuza alipiga simu. Alisema bila wapagazi halisi albamu haina msikilizaji, akaomba niifute Puge. Nilimwonesha baba mdogo karatasi na kumwandikia kwamba akisema nifute, nitafuta.

"Wale wanawake wataisikia?" aliuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Watacheka tena. Acha kama ilivyo."

Prodyuza akasema tusubiri kidogo, na tangu hapo hajapiga tena. Hapo mvua zilikuwa hazijaanza. Sasa zimekwisha, na kila Ijumaa akirudi kutoka msikitini baba mdogo hunitazama na kuinua nyusi, nami hutikisa kichwa. Sijui kama nilitetea ukweli au nilikuwa na ubishi tu. Aliyelipia ni yeye, kwa sikio lake.

Wiki iliyopita nilimwekea simu kwenye sikio la kushoto, sauti mpaka mwisho. Alisema anaisikia ngoma, waimbaji hawasikii. Nikamwandikia: bado naweza kusema ni wa wapagazi.

Alilisoma neno hilo mara mbili. "Halafu nisikie nini?"

Nimemwandikia prodyuza airudishe kaseti. Hilo alilijibu siku hiyo hiyo.