Mwalimu Anayejibu Ovyo

Mwalimu wa kompyuta hubonyeza kwa kidole kimoja, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Programu ya mwanafunzi ikimwuliza urefu wa chumba ili impigie hesabu ya eneo, yeye huandika "kirefu kiasi", kisha husubiri ikwame. Ikikwama, mwanafunzi anarudia muhula mzima. Zamu ya binti mmoja ilipofika, mama yake alisimama mlangoni, roho juu.

Mwalimu akaandika "kirefu kiasi". Skrini ikajibu, "Andika namba, mwalimu." Akaandika hasi tano. "Chumba hicho unaingiaje?" skrini ikauliza.

Mwalimu akajifuta macho kwa ncha ya tai, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Umefaulu," akasema. "Ila jeuri hii umeirithi kwa nani?"

Binti akageukia mlangoni. Mama alikuwa ameshashika njia, leso mdomoni kuziba kicheko.