Nilikwenda Kasulu Kumrudisha Mwanangu

Mke wangu alipofariki nilibaki mtu mmoja katika nyumba ya vyumba saba. Watu wa Mwanza wananifahamu kwa malori. Mengine huenda Bukoba, mengine hufika hadi Kigali. Lakini ndani ya nyumba yangu sauti niliyoisikia zaidi ilikuwa ya friji. Chakula nilikula nimesimama jikoni, maana kukaa peke yangu kwenye meza ile ndefu kulinishinda.

Mwanangu wa pekee, Elia, alikuwa amehamia milima ya Kigoma. Alisomea uhandisi wa mitambo, nikampa karakana yangu, akaisimamia vizuri kwa miaka mitatu. Halafu jioni moja akaja sebuleni akasema amekaa sana na yale maneno ya Yesu juu ya mtu kujikana nafsi yake, na kwamba anakwenda kwenye kituo kidogo cha kanisa kutengeneza baiskeli za watu wasioweza kutembea. Nilimjibu kwamba kanisa nimeliezekea paa zima, hiyo inatutosha sisi wawili. Hakubishana. Aliondoka na begi moja, bila baraka yangu.

Mwaka wa pili tangu nimzike mama yake, nilianguka bafuni asubuhi. Nililala sakafuni nikiita mpaka mlinzi alipokuja kuuliza kama sitoki leo. Goti lilipopona niliamua kwenda kumrudisha Elia. Sikumpigia simu. Kwenye simu angeweza kukataa. Nilitaka anitazame usoni.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Mwanza nikiendesha mwenyewe. Dereva angetaka kuzungumza, nami sikutaka mtu ajue ninachokifuata. Nilivuka ghuba, nikapita Sengerema na Geita jua likiwa limeshapanda. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilipanga kumwambia juu ya goti, kisha juu ya kaburi la mama yake, kisha, ikibidi, nimkumbushe nani alimlipia shule.

Saa saba nilifika Nyakanazi, pale barabara ya kwenda Kigoma inapochepuka. Nilikula ndizi za kuchoma kando ya gari. Malori yangu mwenyewe yalikuwa yameegeshwa upande wa pili, madereva wakicheka pamoja, na nilijikuta nikigeuza uso wasinitambue.

Baada ya Kakonko nchi ilianza kuinuka. Udongo ukawa mwekundu, miyombo ikaja mpaka ukingoni mwa barabara, na hewa ikapoa. Kibondo niliingia saa kumi. Nilichojua ni kwamba kituo cha Elia kiko hapo, lakini geti nililikuta limefungwa kwa mnyororo na nyasi zimeota. Nilichukua chumba kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa jirani.

Mwenye nyumba ile alikuwa mama mmoja Mwislamu, Bi Zuhura, ambaye wazazi wake walitoka Tanga wakaja kufungua duka. Aliniletea chai mwenyewe, na nilipomuuliza juu ya kituo akaweka birika chini.

"Unamtafuta Elia? Wamehamia huko mbele ya Kasulu, njia ya Buhigwe. Baiskeli ya ndugu yangu ndiye aliyeitengeneza, leo anakwenda msikitini mwenyewe bila kubebwa. We nani wake?"

"Baba yake."

Alinitazama kwa muda. "Babake? Basi tusamehe. Sisi hapa tulidhani hana kwao."

Akaendelea, bila ubaya: "Sikukuu zote alikuwa hapa. Watu wanasafiri, yeye yupo. Idi yetu namwita ale nasi, Krismasi yake anapika wali peke yake pale uani. Nikamuuliza, huna kwenu mwanangu? Akasema, ninako, Bi Zuhura, ila baba hajaniita."

Nilimwambia chai ni nzuri. Sikuweza kuimaliza.

Asubuhi ya siku ya pili nilishika njia ya Kasulu. Ukungu ulikuwa umekaa mabondeni. Kwenye njia panda ya kambi ya wakimbizi ya Nduta wanawake walikuwa wakitembea na vifurushi vya posho kichwani, wamenyamaza, kila mmoja na hatua zake. Mbele kidogo afisa mmoja wa kizuizi cha barabarani aliniomba kitambulisho, akauliza ninakwenda wapi.

"Kasulu, kumchukua mwanangu."

"Anaumwa?"

"Hapana."

Akanirudishia kitambulisho.

Saa sita nilikuwa Kasulu mjini, mji wa baridi wenye mikaratusi na masoko ya maharage. Niliuliza njia, nikaelekezwa kuacha lami. Kutoka hapo ni kilima juu ya kilima, migomba na kahawa, nyumba za matofali ya kuchoma, na watu wanaosimama kabisa ili wakusalimie. "Mwakeye," wanasema kwa Kiha, wakipiga makofi taratibu. Niliitikia kwa mkono kutoka dirishani, kama mtu anayeaga.

Saa tisa alasiri nilikiona kituo. Kilikuwa banda la mabati wazi pande mbili, na ndani fremu za baiskeli za magurudumu matatu zimepangwa, zile zinazoendeshwa kwa mikono. Hapakuwa na mtu. Nilizunguka nyuma, penye vyumba viwili vya matofali.

Mwanangu alikuwa amepiga magoti mbele ya mzee aliyekaa kwenye kiti, akimnyoa ndevu. Alimshika kidevu kwa vidole viwili, akapitisha wembe, akaufuta kwenye taulo begani, akarudia. Mzee alikuwa amefumba macho. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelegea, na udenda ulipotoka Elia aliufuta kwa mkono, bila haraka, huku akiendelea kumwambia habari za mvua.

Nimewahi kupoteza lori zima mtoni, na sikuumia kama nilivyoumia pale. Nilichokifuata kutoka Mwanza kilikuwa hicho hicho, na aliyepewa alikuwa mtu mwingine.

Elia aligeuka. Wembe ulibaki hewani.

"Baba."

"Maliza kwanza kazi yako," nilisema.

Alimaliza. Kisha akanawa, akaja, akashika mikono yangu miwili. "Shikamoo, baba." Alikuwa amekonda. Mikono ilikuwa na makovu ya moto wa kuchomelea.

Mzee yule aliitwa Barnaba. Alikuja kutoka Burundi akiwa kijana, akalima kahawa ya watu, akapata uraia, akazeeka. Watoto wake wawili walirudi Burundi na habari zao zikakatika. Kiharusi kilipompiga, majirani walimleta kituoni kupata baiskeli, na ikaonekana hawezi kuiendesha kwa mikono yake. Hakuwa na mtu wa kumrudisha nyumbani kwake. Elia akasogeza kitanda chake ukutani, akaweka cha pili.

Nilikaa siku tatu. Nilitaka kuondoka kesho yake, lakini kila nilipofungua kinywa kulikuwa na kazi. Elia huamka saa kumi na moja, anambadilisha mzee, anamlisha uji kwa kijiko, anamtoa nje kuota jua. Kisha anaingia bandani mpaka jioni. Mchana watu hufika. Siku moja alikuja mwanamke aliyetambaa kwa viganja tangu utotoni, viganja vyake vikiwa vigumu kama soli. Elia alimpima urefu wa mikono, akamkalisha kwenye baiskeli iliyokuwa tayari, akafunga mkanda. Mwanamke yule alizunguka uwanja mara moja, akasimama, akaangalia nyuso zetu. Zilikuwa usawa mmoja na wake. Alijifunika uso kwa kanga.

Nilimwambia Elia tukiwa tunakula ugali wa muhogo na maharage: "Kwenye karakana yangu ungeweza kuzitengeneza mia."

"Ningeweza, baba. Na nisingemjua hata mmoja."

"Wewe una furaha hapa?"

Alifikiri kwanza. "Si kila siku. Kuna jioni nakaa bandani nalia kidogo. Watu wananiheshimu, lakini lugha yao siielewi vizuri, na hakuna aliyenijua nikiwa mtoto. Nilidhani Mungu angeniondolea huo upweke. Hakuuondoa. Ila hapa najua kwa nini nimeamka."

Mimi sikuwa nimejua kwa nini ninaamka tangu siku ya mazishi. Sikumwambia.

Asubuhi ya siku yangu ya tatu pale Elia alikwenda Kasulu kutafuta spoki, akaniachia mzee. Ilibidi mimi nimtoe nje kuota jua. Sijawahi kumbeba mtu mzima. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia, na alinukia sabuni ya mwanangu. Nilipomweka kitini, miguu yake ilikuwa imepinda vibaya, nikapiga magoti kuinyoosha. Goti langu bovu likaniuma, nikabaki hapo chini.

"Wewe ndiye baba," Barnaba alisema. Maneno yalimtoka kwa shida, upande mmoja wa mdomo.

"Ndiyo, mzee."

"Huyu mwana ni wako. Nimekaa naye sana. Mchukue."

"Na wewe?"

"Mimi... Mungu yupo." Alipumua. "Mimi nilikuwa na wawili. Najua nyumba inavyokuwa. Mwambie aende. Mimi nikimwambia hataki."

Nilimuuliza kama anamaanisha. "Ego," alijibu kwa Kirundi chake, yaani ndiyo, na machozi yakamtoka jicho la upande uliokuwa mzima. Mkono wake ulikuwa umeshika mkono wangu wa shati na haukuachia.

Nilikuwa nimepewa nilichokifuata, na mtu ambaye hakuwa na kingine cha kutoa. Nilikumbuka mabati ya kanisa na jina langu lililochongwa kwenye jiwe la msingi. Siku zote nilikuwa nikitoa vilivyobaki baada ya mimi kushiba, nikaviita sadaka.

Jioni Elia alirudi, na kabla sijasema lolote akaniketisha kwenye benchi la bandani.

"Najua kwa nini umekuja, baba. Bi Zuhura alinipigia siku uliyolala kwake. Niliondoka bila baraka yako na jambo hilo halijanipa amani hata siku moja. Ukisema turudi, nitarudi. Nitatafuta wa kumtunza mzee, hata ikichukua mwezi. Sitakulaumu. Lakini uniambie mwenyewe, kwa mdomo wako."

Maneno yote niliyoyapanga tangu Geita yalikuwa tayari. Yalikuwa ya kweli pia: goti, kaburi, nyumba.

"Piga magoti," nilimwambia.

Alipiga magoti kwenye vumbi la chuma. Niliweka mikono kichwani pake, nikamwombea kama baba zetu walivyotuombea, nikamwomba Mungu amlinde katika kazi aliyompa, mahali alipompa. Sikutaja Mwanza. Tulipoinuka alinikumbatia akilia. Nami nililia, wala sikujaribu kujizuia.

Siku ya nne asubuhi niliwaaga. Barnaba alishangaa kuniona naingia garini peke yangu. Nilimwambia, "Mzee, mwanangu nimekuazimisha," akacheka kwa nusu ya uso. Elia alisimama njiani mpaka nilipopinda kilima. Baada ya hapo nilisimamisha gari, nikakaa nusu saa nzima bila kuweza kuendesha.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Nilipita Kibondo bila kulala. Mahali fulani kati ya Kakonko na Nyakanazi nilimkumbuka Sospeta, dereva aliyenifanyia kazi miaka mingi, akapinduka na lori, na tangu hapo hainuki kitandani. Stahiki zake zote nilimpelekea, kwa mkono wa karani. Sikuwahi kwenda. Nilijiambia siku zote kwamba sina nafasi, mimi niliyekula nimesimama jikoni.

Jumamosi iliyofuata nilitafuta nyumba yake, huko Buhongwa, pembezoni mwa Mwanza, kwa kuulizia. Mkewe alifungua mlango, akashika kifua.

"Bosi, kuna nini? Tumekosa nini?"

"Hamjakosa kitu, mama. Nimekuja kukaa naye, nawe upate kupumzika kidogo."

Alinitazama kama Bi Zuhura alivyonitazama. Kisha akanipisha. Chumba kilikuwa na harufu ya ugonjwa, na Sospeta alijaribu kuinua kichwa anisalimie. Nilimgeuza ubavu vibaya, akanielekeza nianzie begani, nikaanza tena.

Sasa ni miezi mitano, na kila Jumamosi nipo pale. Sitaki kumdanganya msomaji: nyumba yangu bado ni kubwa, jioni bado ni ndefu, na zipo siku ninapoishika simu nikitaka kumwambia Elia arudi. Siipigi. Nilidhani kujikana ni kutoa kitu. Nimejifunza ni kuacha kujiweka mbele, na kwamba hakufanyiki mara moja halafu kukaisha. Ijumaa naanza kuwaza nitamsimulia nini Sospeta. Jumamosi asubuhi naamka kabla ya saa kulia, nanawa uso, nakwenda.