Saa ya Mdogo Wangu

Siku mdogo wangu alipoingia chumbani kwangu Mlandege, Iringa, akiwa ameivaa ile saa, alikuwa hajui kuisoma. Hilo ndilo lililoniuma kwanza. Mimi nilikuwa nesi wa hospitali ya misheni, nimesoma mpaka nikavishwa kofia nyeupe, na saa yangu ilikuwa ile ndogo ya kubana kifuani, ya kutia ufunguo kila asubuhi. Ilichelewa dakika kumi kwa siku. Yeye aliacha shule darasa la pili ili abaki nyumbani na mama aliyekuwa mgonjwa. Sasa ameshuka kwenye basi la Mbeya, mkononi kitu kinang'aa.

"Kamwene, dada," alinisalimu, kisha hakuweza kungoja. "Umeona? Shemeji yako kaninunulia."

Mumewe alikuwa dereva wa katapila kule Mbeya, kwa Wachina waliokuwa wakijenga reli. Saa za Kichina zilijaa kwenye maduka ya kule, na mfanyakazi wa kawaida aliweza kununua. Hata hivyo, machoni pangu hii haikuwa saa ya kawaida. Ilikuwa na kidirisha cha tarehe, na pembeni yake kingine cha siku, kwa maandishi ya Kichina. Jumapili iliandikwa kwa rangi nyekundu.

"Haina ufunguo," alisema. "Ukitembeza mkono inajijaza yenyewe."

Niliiweka sikioni. Nilipoitikisa nikasikia kitu kikizunguka ndani, taratibu, kama mtu anayegeuka kitandani. Niliona wivu mpaka mate yakawa machungu.

"Nifundishe kuisoma, dada."

"Kesho," nilimjibu. Kesho yake nikasema nina zamu. Alikaa kwangu siku tano na sikumfundisha hata saa moja. Siku ya kuondoka nilimpa ushauri ambao hakuniomba. "Saa nzuri hivi haivaliwi jikoni wala shambani, itaharibika. Ifunge kwenye kitambaa, uiweke kabatini." Sikujua kwamba ingesimama. Nilichotaka ni isionekane.

Baada ya miezi michache nilipokea bahasha kutoka kwa abiria wa basi. Ndani mlikuwa na saa na barua aliyoandikiwa na jirani yake. Imesimama, aliniambia, naogopa kumwambia mume wangu. Nisaidie, dada.

Niliipeleka kwa fundi karibu na soko. Aliifungua mgongo, akaniita nione. Kulikuwa na chuma kama nusu mwezi kinachozunguka huku na huku, vijiwe vyekundu, na magurudumu ya meno madogo kama punje za ulezi, moja likisukuma jingine mpaka siku inabadilika dirishani.

"Dada, hii si mbovu," alisema akiifunga. "Imekosa mkono tu."

Nikaivaa ili nihakikishe. Ilianza kutembea kabla sijafika nyumbani. Kesho yake niliivaa kazini. Matroni akaushika mkono wangu akaitazama, manesi wenzangu wakataka kujua nimepewa na nani. Nilitabasamu tu, nikawaacha wafikirie kuna mtu. Mdogo wangu nilimwandikia kwamba fundi anangoja kifaa kutoka Dar es Salaam. Alipoandika tena, nikajibu hivyo hivyo. Mara ya tatu pia.

Wivu haukuisha hata nilipokuwa nimeivaa. Ulizidi. Kila nilipoitazama nilikumbuka kuna mwanaume aliyesimama dukani na kumfikiria mke wake, na mke huyo si mimi.

Halafu, alasiri moja, niliitwa wodi ya wazazi kusaidia. Kwenye kitanda cha dirishani alikuwa amelala mdogo wangu. Alikuwa amekuja kujifungulia Iringa bila kunijulisha, na uchungu ulimshika akiwa kwenye basi. Nilimshika kifundo cha mkono, nikahesabu mapigo yake nikitazama saa. Nilipofika thelathini ndipo nilipotambua naye anaitazama.

Alingoja uchungu utulie.

"Imepona lini?"

"Haikuwa inaumwa," nilisema. Sijui ukweli ulinitoka vipi.

Aligeuza uso ukutani. "Mume wangu kaninunia miezi minne. Anadhani nimempa mwanaume. Nilimwapia kwamba iko kwako, kwa fundi, naye akasema hakuna fundi wa miezi minne."

Alijifungua mtoto wa kike kabla jua halijazama. Nilipomaliza kumsafisha mdogo wangu nilivua saa nikamfunga mkononi. Hakuuvuta mkono wake, wala hakuniangalia.

Nilipopata likizo nilipanda basi hadi Mbeya, nikamweleza shemeji yangu mwenyewe, sebuleni kwake, mikono magotini. Niliogopa angenifukuza. Alikuna kidevu, akasema kwa upole ulioniumiza kuliko matusi: "Shemeji, ungesema tu. Duka ni lile pale ng'ambo ya barabara, na zimejaa."

Kweli zilikuwa zimejaa. Nilijinunulia moja kama ile ile kwa mshahara wangu wa unesi, na hata sikuhisi pengo mfukoni. Matroni hakuuliza kitu, kwa kuwa aliona ni saa ile ile.

Mdogo wangu alikuja tena Mlandege mtoto alipokuwa ameanza kutembea. Alikuwa amejifunza kusoma saa kwenye kisomo cha watu wazima, na alinitajia wakati mara mbili bila kuulizwa. Tulicheka, tulipika pamoja. Alipotaka kukanda unga alivua saa yake. Meza ilikuwa karibu, tupu, lakini aliikunja ndani ya kanga, akaifunga fundo kiunoni, ndipo akaingiza mikono kwenye beseni.

Nilijifanya napuliza moto.