Nilimtangaza Mzee Nzau Amekufa, Jumapili Akaingia Studio

Jumapili moja nikiwa hewani, mlango wa studio ulifunguka na akaingia mtu ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimemtangaza amekufa.

Si ndoto. Si mzimu. Mzee Nzau, mzima, kofia mkononi.

Naitwa Kalunde. Niko Mutomo, na nasoma matangazo pale Redio Ikumbi.

Usifikirie ni redio kubwa. Ni chumba kimoja nyuma ya duka la Farhiya. Ukutani tumebandika trei za mayai ndio sauti isirudi rudi, na antena tumeifungia kwa paipu ya maji. Mtambo uliundwa na Mulinge, fundi wa simu, tulisoma naye. Hakuna mtu analipwa. Ukitoka Mutomo kidogo tu, hutupati.

Lakini hapa kwetu tunasikika, wee! Mbuzi ikipotea, ni sisi. Maji ikikatika, ni sisi.

Mtu akifa, ni mimi.

Hiyo ya vifo ilikuwa yangu haswa. Nilikuwa na sauti yake. Nashusha, navuta pumzi, naachilia jina pole pole. Watu walikuwa wananisimamisha sokoni: "Kalunde, siku yangu ikifika, ni wewe utanitangaza."

Nacheka tu. Lakini kichwa kinavimba.

Sasa, Jumamosi jioni kipindi kikiwa karibu kuisha, meseji ikaingia kutoka namba ngeni. Macho yakaruka ruka. Nikaona Nzau. Nikaona fundi wa baiskeli. Nikaona mazishi.

"Pigia hiyo namba kwanza," Mulinge akaniambia.

"Wacha bana. Muda umeisha."

Nikashusha sauti. Nikatangaza kwamba mzee Nzau, fundi wa baiskeli anayejulikana na kila mtu hapa, amefariki.

Ningeachia hapo. Sikuachia. Nikaongeza yangu. Nikasema ameenda kwa amani, familia ikiwa kando yake. Nikasema tumshike mkono mkewe, mama Muthoki, na tumwombee wakati huu mgumu.

Nani aliniambia hayo? Hakuna. Yalikuwa yanasikika vizuri, basi.

Nikitoka nikamkuta Farhiya kwa kaunta anajifuta macho na ncha ya mtandio. Mzee Nzau alikuwa akimtengenezea baiskeli za watoto wake.

"Umenitoa machozi, Kalunde," akasema.

Na mimi, aki Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kesho yake asubuhi niko na kipindi cha injili. Wimbo unacheza. Farhiya akachungulia mlangoni, uso umebadilika.

"Kalunde. Kuna mtu huku. Ni yule ulisema amekufa."

Kabla nimjibu, mzee akaingia.

Hapo ndipo ningeacha wimbo ucheze, maiki ikae imezimwa. Ningemtoa nje, nimpe kiti, nimuulize pole pole kuna nini. Lakini nikaona hii ni kali. Hii watu wataongea mwezi mzima.

Nikashusha wimbo, nikafungua maiki.

"Wasikilizaji! Kaeni chini! Leo ni Jumapili na kaburi iko wazi! Mzee Nzau amefufuka!"

Nikapiga vigelegele peke yangu. Meseji zikaanza kumiminika, watu wanacheka, wengine wanasema Mungu ni mkuu. Nikamsukumia mzee maiki.

"Hebu tuambie mzee, huko juu ulikuta aje?"

Mzee Nzau akaangalia maiki. Akaniangalia. Shati lake lilikuwa na mikunjo ya mtu aliyelala kwa benchi. Akaongea na sauti ndogo sana.

"Mimi sijakufa. Ni Muthoki. Ni bibi yangu."

Redio ilinyamaza. Mutomo mzima ilisikia hicho kimya.

Mulinge, aliyekuwa kando kwa mtambo, akabonyeza wimbo wa kwanza aliopata. Ukatoka wa harusi. Akauzima haraka, akafunga maiki, akachukua ile simu ya studio, akafungua meseji ya jana. Akaisoma kimya. Halafu akanigeuzia.

*Tangaza kwa redio mzee Nzau fundi wa baiskeli amefiwa. Mazishi tutawaambia.*

"Amefiwa," Mulinge akasema. "Kalunde, imeandikwa amefiwa."

Mama Muthoki alikuwa ameanguka akichota maji Jumamosi mchana. Hakufika hospitali akiwa hai. Mzee alituma hiyo meseji akiwa nje ya mochari, simu ikazima hapo hapo, akalala huko huko. Asubuhi akitembea kurudi, watu wanamkimbia njiani. Mmoja ndiye alimwambia ni redio ilisema.

Nikaanza, "Mzee, pole, mimi nilikuwa..."

"Uko na chaji?" akaniuliza. "Nzisa bado sijamwambia."

Nzisa ni binti yao. Ako na duka Sultan Hamud, kando ya barabara kuu. Redio yetu haifiki huko hata kwa bahati, kwa hivyo nikajiambia angalau yeye hajasikia.

Nikachomeka simu yake, ikapata moto kidogo. Mzee hajui kushika simu sikioni ikiwa kwa waya, akaweka laudspika.

Ikaita mara moja.

"Baba?"

"Nzisa."

"Baba! Ni wewe? Ni Baba! Jamani Baba ako hai!"

Nikasikia watu wakipiga makofi. Alikuwa kwa gari. Kuna jirani alikuwa amerekodi tangazo langu la Jumamosi, akalituma kwa grupu ya familia. Nzisa alipiga simu ya baba yake, ndiyo moja tu kwao nyumbani, tangu alfajiri, ikakuwa imezima. Akafunga duka, akapanda gari.

"Uko wapi, mama?" mzee akamuuliza.

"Nimefika Kibwezi! Nilikuwa nakuja kukuzika, Baba!" Anacheka, analia, yote pamoja. "Mpe Mama simu. Mpe nimwambie asilie tena."

Mzee Nzau akainua macho, akaniangalia.

Hakuwa na hasira. Ni kama alikuwa ananiomba. Mimi si ndiye mwenye sauti ya kutangaza vifo?

Nikaangalia chini.

Akamwambia mwenyewe.

Sitaandika nilichosikia kwa hiyo laudspika. Siwezi.

Siku ya mazishi nilienda, lakini sikukaa kwa hema. Nilijificha jikoni na akina mama, nikaosha sufuria ambazo hata hazikuwa chafu. Nzisa akanipata hapo. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, yote yakapotea.

"Ni wewe Kalunde?"

"Ni mimi. Nzisa, nisamehe, aki."

Akaangalia zile sufuria.

"Nilimlilia Baba kutoka Sultan Hamud mpaka Kibwezi," akasema. "Nililia ikaisha. Leo nimemzika mama yangu na macho makavu. Watu wananiangalia, wanajiuliza huyu ni mtoto wa aina gani."

Akarudi kwa hema. Hakuniambia amenisamehe, na sikumfuata kumuuliza.

Nilidhani hiyo ndiyo ilikuwa mwisho.

Wiki iliyofuata nikapokea klipu kutoka kwa binamu yangu wa Mbumbuni, imejaa vikaragosi vya kucheka. Ni sauti yangu. "Kaburi iko wazi! Mzee Nzau amefufuka!" Vigelegele. "Huko juu ulikuta aje?"

Halafu inakatika.

Mtu aliikata hapo hapo, kabla mzee afungue mdomo. Imezunguka Makueni, imefika Nairobi, inarudi. Watu wananiambia, "Kalunde wewe ni noma! Ile ya mzee iliniua mbavu!" Redio Ikumbi haijawahi kujulikana hivi. Wageni wanaingia kwa Farhiya kuuliza studio iko wapi, wapige picha.

Matangazo ya vifo siku hizi anasoma Mulinge. Anasoma vibaya, anakwama kwama. Lakini anapiga simu kwanza, hata kama kipindi kinaisha, na haongezi neno.

Mimi nilichojifunza ni hiki: soma meseji mpaka mwisho. Uliza. Na mtu akiingia na kofia mkononi, funga maiki kwanza, umsikilize.

Na wewe unayesoma hii, pengine ile klipu ilifika kwa grupu yenu. Pengine ulicheka, ukaituma mbele. Sikulaumu, niliipika mimi.

Lakini kama bado iko kwa simu yako, tafadhali ifute. Nzisa pia ako kwa magrupu, na kila mara inapofika, ni yeye anajua kinachofuata pale ilipokatwa.